Rimoti Juu ya Jiwe

Tangu nirudi Morogoro, hakuna hata mmoja wenu aliyeniacha nikamaliza kupinda suruali bila kuniuliza: "Saida, huko Iramba kulikuwaje? Mbona mlikawia?" Nimechoka kusimulia vipande vipande, huku mashine zinanguruma na wateja wanaingia. Nimeandika yote hapa. Someni kwa zamu, kisha mniache nishone.

Safari ilikuwa na jambo moja tu. Mama mkubwa Ruti, dada yake mama yangu, anakaa Nduguti, huko Iramba, na macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Tulipata habari kwamba madaktari wa macho watakuwa Singida mjini kwa juma moja, na Ijumaa ndiyo siku yao ya mwisho ya kupasua. Mama hakutulia tena. Alitaka dada yake afikishwe pale kabla madaktari hawajafungasha, na alitaka afuatwe kwa gari langu, maana mama mkubwa alishatangaza kwamba hapandi lori, na basi halipandi pia.

Gari mnalijua, lile dogo la rangi ya majivu, la mtumba kutoka Japani, ambalo mnaliita bibi harusi kwa jinsi ninavyolifuta. Na rimoti yake mnaijua, maana mliibonyeza wote hadi nikawafokea. Ukiibonyeza, gari linalia pwi-pwi na milango inafunguka. Usipoibonyeza, hata ukifungua kwa ufunguo, king'ora kinapiga kelele na injini haiwaki. Hata ukiliacha wazi, likikaa kidogo linajifunga lenyewe. Kijana aliyeniuzia alisema huo ndio usalama. Hakusema kwamba usalama huo haumjui mwenye gari.

MOROGORO HADI DODOMA

Hapa sina mengi, lami ilikuwa nzuri na mama alilala. Tatizo langu lilikuwa kanga yake. Mama akifunga mlango wa gari, lazima pindo la kanga libaki nje. Nilisimama Gairo nikamfungulia, akaniambia Mungu akubariki. Tuliponunua mahindi ya kuchoma mbele kidogo, akafunga mlango, pindo likabaki nje tena. Nikamwambia, "Mama, unalifutia gari vumbi kwa nje?"

"Wewe endesha," akasema. "Kanga ni yangu."

Tulifika Dodoma jua likiwa bado juu, tukalala kwa binamu. Pindo lilikuwa jeusi. Mama alilifua, akalianika, na asubuhi akajifunga kanga ileile.

DODOMA HADI IHANJA

Lami ikaisha, na kilichofuata ni vumbi. Tulipandisha vioo tukapikwa, tukashusha vioo tukageuka rangi. Baada ya Manyoni sikujua tena shati langu lilikuwa la rangi gani. Nilikuwa na njaa inayonifanya mkali, na tulipofika Ihanja, kabla ya mji wa Singida, nikasimama kwenye mgahawa wa mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri. Mama alisema miguu imekufa ganzi, atakula humo humo garini. Basi nikashuka, nikafunga mlango, nikaagiza wali na kuku wa kienyeji. Wenzangu, kuku tunaowala Morogoro wana jina tu. Wa Singida ametembea maisha yake yote, na utamu wake umo kwenye mfupa.

Nilipomaliza kula nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza tena, nikasogea, nikaigusisha na kioo. Kimya. Nikafungua kwa ufunguo, na king'ora kikaanza.

Watu walitoka kila mahali. Mwenye mgahawa alitoka na ufagio, akafagia mbele ya gari mbiombio, akaleta kiti chenye mto. Wanaume wakavua kofia. Nilidhani wamekuja kunisaidia, kumbe kwao sauti ile ilikuwa ya msafara wa mkubwa wa serikali, na mkubwa mwenyewe lazima awe yule mama aliyekaa nyuma peke yake, mtulivu, na sahani mapajani. Wakapanga mstari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema mama.

"Shikamoo mama. Karibu Ihanja."

"Marahaba mwanangu. Asante."

Aliwaitikia wote mmoja mmoja. Bwana mmoja aliinama dirishani akaanza kumweleza habari za kisima kilichoharibika, na mama akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Poleni sana. Hilo ni jambo la kuangaliwa." Mimi nilikuwa nimefungua rimoti kwa ncha ya kisu cha mgahawa. Ndani mna betri fupi, ndogo kuliko kidole cha mwisho. Nikaifuta kwa kanzu ya mtu, nikaiuma kwa meno kama tulivyokuwa tukiuma betri za redio, nikairudisha. Pwi-pwi. King'ora kikanyamaza, injini ikawaka, na watu wakatupungia mikono hadi tukapotea kwenye vumbi. Pindo la kanga la mheshimiwa lilikuwa nje.

SINGIDA MJINI

Tulilala kwa baba mdogo Athumani, mdogo wake marehemu baba, mwenye duka karibu na soko. Tangu biashara ifunguliwe, duka lake limejaa hata pa kukanyaga hakuna: redio za Dubai, thermosi za Uchina, sabuni zenye sura za wanawake wa Kihindi. Nikamwonyesha betri.

"Za redio ninazo kubwa na ndogo," akasema. "Hii ni ya nini? Saa?"

"Ni ya ufunguo, baba mdogo."

"Ufunguo unakula betri?" Aliigeuzageuza kiganjani. "Sasa ukiishiwa chakula, mwenye gari analala nje?"

Alinipeleka duka kwa duka, upepo wa Singida ukitupeperusha, na kila mwenye duka alitutolea betri kubwa kuliko rimoti yenyewe. Mwisho akasema ataagiza kwa mtu anayekwenda Arusha, na kwamba nisilizime gari njiani. Mama yeye alikuwa ameshakwenda hospitali, akarudi anang'aa. Wamesema mgonjwa afike Alhamisi jioni kwa kupimwa, na Ijumaa asubuhi atapasuliwa. Baada ya hapo, mpaka watakaporudi, na hakuna aliyejua watarudi lini.

MTINKO NA KUENDELEA

Basi Jumanne sikulizima. Pale Mtinko, siku ya soko, mama alinunua asali kupitia dirishani huku injini inanguruma, na mwenye asali akaniuliza kama ninakimbizwa na mtu. Kwenye mchanga wa mto mkavu vijana wa kuchunga walitusukuma, nao wakashangaa sana kuona mwanamke ndiye mwenye usukani. Mmoja aliniuliza dereva amekwenda wapi.

Nduguti tulifika alasiri. Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye sauti yetu. Nilizima gari, maana ningefanyaje, tukashuka, nikabonyeza. Pwi-pwi.

"Karibu," mama mkubwa akaliitikia gari.

Nilicheka. Mama hakucheka. Alikwenda akapiga magoti mbele yake, na mama mkubwa akampapasa uso, paji la uso, mashavu, kidevu, polepole, kama anayetafuta mlango gizani. "Mariamu," akasema. "Umekonda." Nilitoka nikajifanya naangalia magurudumu, kwa sababu machozi yalinitoka.

Sasa kuna jambo la kuku. Mama mkubwa ni Mlutheri wa tangu utotoni. Mama alisilimu alipoolewa na baba. Tangu hapo, mama akija kwao, kuku hachinjwi mpaka apatikane Mwislamu wa kumchinja, na Mwislamu wa karibu ni Mzee Jumanne, anayekaa ng'ambo ya bonde. Hakuna anayelalamika. Mtu hutumwa, Mzee Jumanne hutafutwa shambani, huja na kisu chake, huchinja, na kwa kuwa haingefaa aondoke bila kula, hukaa mpaka kuku aive. Tulikula kiza kikiwa kimeingia: kuku, mlenda, ugali wa uwele. Mzee Jumanne alisifu mchuzi kana kwamba yeye hakuwa ameuchelewesha.

NDUGUTI: BETRI JUANI

Jumatano asubuhi rimoti ilikuwa imekufa. Niliuma betri mpaka jino likauma. Nikaisugua kwa mchanga, nikaipuliza, nikaisomea na bismilahi. King'ora kililia hadi mbuzi wa jirani wakakata kamba, kisha kikachoka. Wanaume wakasema gari linasukumwa. Nikawaambia hili hata lisukumwe hadi Mwanza haliwaki. Wakalisukuma. Walilifikisha uwanja wa kanisa, likilia njia nzima, wakalirudisha likilia vilevile, na wote walikuwa na furaha kubwa isipokuwa mimi. Lori la mnadani lilikuwa limepita Jumatatu, na basi halikuonekana tangu juma lililotangulia. Hata lingeonekana, mnajua mwenye macho alishasema nini.

Mzee Jumanne, aliyekuja kuangalia kelele, aliomba aione betri. Akaipima kwa mkono.

"Haijafa hii," akasema. "Imechoka. Za redio yangu nazianika, zinasema tena mpaka taarifa ya habari."

"Hii si ya redio, mzee."

"Ni betri au si betri?"

Nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa bapa ambalo wanaanikia mtama, na siku ile mtama ulikuwepo. Tukaiweka betri pembeni, juu ya kifuniko cha sufuria, pamoja na rimoti yenyewe ili isijisikie mpweke. Mama mkubwa ndiye mlinzi wa jiwe. Ana fimbo ndefu na mbegu za macho zilizobaki, kama anavyosema mwenyewe, za kutosha kuona kivuli cha kuku kikisogea kwenye mtama. Akapewa na betri alinde.

Mchana nikaijaribu. Kimya. Alasiri, kimya. Jua la Nduguti linakausha nyama, lakini betri ilikuwa baridi. Niliishika nikaona ajabu: kifuniko kinaunguza, betri baridi.

"Ni upepo," akasema mama mkubwa.

Jumatano ikaisha hivyo. Mama hakula. Alhamisi asubuhi mama mkubwa alinikabidhi ungo wenye mtama nipepete. "Mgeni siku mbili," akasema, "siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimekupa ungo, nimekuhurumia." Nikapepeta, nikiwa nimenuna, nikihesabu moyoni safari ya kwenda mjini na kuona kwamba tusipoondoka mchana, basi. Na nilipoinua macho kutoka kwenye ungo, nilimwona mama mkubwa akinyoosha mkono, akapapasa kifuniko, akachukua betri na kuitia ndani ya kiganja, chini ya kanga, gizani.

Nilikasirika, nikauweka ungo chini. Nikaenda kumwita mama.

Mama alikuja akasimama juu ya jiwe. Alisema kwa Kinyiramba, kisha labda kwa ajili yangu akageukia Kiswahili. "Dada, fungua mkono."

Mama mkubwa akaufungua. Betri ilikuwa imelowa jasho.

"Tumetoka Morogoro," nikasema. "Mama mkubwa, tumetoka Morogoro."

"Najua mlikotoka," akasema. Hakuwa na aibu, wala hakuwa na hasira. "Mwanangu, wataingiza kisu ndani ya jicho. Kikikosea, nami nibaki gizani kabisa? Sasa hivi nakiona kivuli cha kuku. Kivuli cha kuku kinanitosha."

Nilikuwa na maneno mengi ya kisomi ya kumwambia. Mama alinizuia kwa mkono. Akakaa juu ya jiwe, kwenye mtama, jambo ambalo haliruhusiwi kabisa.

"Mimi hakinitoshi," akasema. "Nataka uniangalie. Ulinibeba mgongoni mpaka kisimani, na sasa unanijua kwa vidole. Mimi si unga, dada, nipapaswe." Akaufunga mkono wa dada yake juu ya betri. "Lakini jicho ni lako. Betri hiyo hapo mkononi. Ukitaka ianike, ukitaka ifiche. Sitakuvuta."

Akainuka, akajikung'uta mtama, akanishika mkono, tukaingia ndani. Nawaambieni kweli, nilitaka kurudi kuichukua kwa nguvu. Mama alikaa mlangoni akanizibia njia, akaanza kuchambua mlenda kana kwamba tuna mwaka mzima.

Tulikaa hivyo mpaka vivuli vikawa vifupi. Sikusikia fimbo ya kuku kule nyuma. Nilipochungulia dirishani, mama mkubwa hakuwepo mahali pake. Alikuwa amepanda kule juu kabisa, kwenye mgongo wa jiwe palipo na jua kali, ambako hata mbuzi hawalali mchana. Alikuwa amechutama, ameinamisha kichwa, na mikono yote miwili ameiondoa, ameificha kwapani, kama mtu anayejizuia asiguse chungu cha moto. Mbele yake palikuwa na kile kidude cheusi na betri yake.

Aliteremka mwenyewe, akipapasa kwa fimbo, akaja mpaka mlangoni. Rimoti ilikuwa inaunguza.

"Jaribu," akasema.

Pwi-pwi.

"Haya, karibu," mama mkubwa akaliambia gari, kwa sauti ndogo sana. Kisha akasema anataka kubadilisha gauni, maana mjini haendi na la mtama.

KURUDI SINGIDA

Sikulizima tena. Mzee Jumanne alitaka kuchinja kuku wa safari, nikamwambia nampenda sana lakini kuku huyo aishi. Mama mkubwa alikaa nyuma na mama, wameshikana mikono. Kila shimo alikuwa akiuliza, "Tumefika?" na mama anasema, "Bado, ni shimo." Hospitali tulifika jioni, wakati muuguzi anakaribia kufunga dirisha, akatutazama tulivyojaa vumbi akatupokea bila swali.

Ijumaa alipasuliwa jicho la kulia. Mimi na mama tulikaa nje kwenye benchi, na baba mdogo akatuletea chai na maandazi, na katika mfuko wa kanzu, amefunga kwenye karatasi, betri mpya. Yule mtu wa Arusha alikuwa amerudi mapema. Nikamshukuru, nikaitia mfukoni. Wakati ule hata betri ya dhahabu isingenishughulisha.

Jumamosi asubuhi wakamfungua kitambaa. Alitazama kwanza mkono wake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha akamtazama mama kwa muda mrefu.

"Umezeeka, Mariamu."

"Nimezeeka," mama akasema.

"Nilidhani ni mimi peke yangu." Mama alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kutofautisha, na mimi nilikuwa na kazi ya kujifuta mwenyewe. Baadaye mama mkubwa akaomba aione ile rimoti. Nikampa. Akaikunja kiganjani, akaikunjua. "Kumbe ni kadogo hivi," akasema. "Kwa kelele zile nilidhani ni kama jembe."

KUAGANA

Ndiyo maana tulikawia. Alitakiwa kutiwa dawa na kupumzika, kwa hiyo tulikaa mjini kwa baba mdogo, tukala kuku mpaka nikawaonea haya. Halafu tukamrudisha Nduguti, tukalala, Mzee Jumanne akatafutwa ng'ambo ya bonde, akaja na kisu, akakaa mpaka kuku akaiva.

Asubuhi ya kuondoka tulipewa mtama, karanga, na jogoo mmoja hai ambaye ndiye huyu anayewaamsha majirani zangu. Mama mkubwa aliomba ile betri kuukuu. Nikamwambia haina kazi tena. Akasema hata yeye walimwambia hivyo, akaiweka juu ya jiwe. Hakutaka kutusindikiza barabarani, alisema ataagana nasi kutokea mlangoni kwake. Mimi na mama tukapita kwenye shamba mpaka gari lilipokuwa, mbali ya kutosha mtu kuita kwa sauti. Nikabonyeza. Pwi-pwi. Tukaingia, mama akafunga mlango wake, nikawasha. Nilikuwa nimeshaanza kuondoa gari niliposikia anaita kutoka mlangoni, amejikinga jua kwa mkono.

"Mariamu! Kanga yako imebanwa mlangoni!"

Mama aliangalia chini. Pindo lilikuwa nje, kweli. Hakufungua mlango. Aliliacha hivyo hivyo lipepee, akakaa amegeuka nyuma mpaka nyumba ikafichwa na kilima, na mimi safari hii sikumwambia kitu.